Dirisha la Kupitisha Mkono

Yule mchoraji wa ramani alipokuja mara ya kwanza kutuuliza tunataka nyumba ya namna gani, wanawake walimcheka. Walidhani ni mtu wa kampeni aliyekosea msimu. Nani amewahi kumuuliza mshona mashati anataka kulala wapi? Wakati huo tulikuwa tunalala kwenye mabanda ya mabati nyuma ya kiwanda, vyumba vinatazamana, katikati mfereji wa maji machafu. Kitanda kimoja kilikuwa na wenyewe wawili, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku. Ukichelewa kuamka, mwenzako anaingia na viatu mkononi, anakusimamia kichwani kama mdai. Hata joto la godoro halikuwa lako peke yako.

Lakini yule dada hakuondoka. Alikuwa amechomeka penseli kwenye nywele, basi wakambandika jina la Dada Penseli, naye akaliitikia bila kununa. Aliingia chumbani kwetu, mimi na binti yangu, akakaa kitandani, akampakata mjukuu wangu bila kuuliza kama amelowa. Alikuwa amelowa chapachapa. Dada Penseli alilitazama gauni lake, akacheka, na mimi kuanzia hapo nikampenda, ingawa sikumwambia.

Mjukuu wangu tulimwita Filimbi. Jina lake la kweli siku hizi silitamki. Hilo la Filimbi lilitokana na kifua: tangu akiwa mchanga, akivuta pumzi kinapiga mluzi, na sisi ni watu wa kucheka, maana kulia hakujawahi kutusaidia kitu. Baba yake alikwenda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, kwa sababu hakurudi. Kwenye zahanati walituambia mtoto ana pumu. Wakatupa kopo dogo la buluu la dawa ya kuvuta, wakasisitiza lisikae mbali naye. Binti yangu akienda kazini, mtoto na kopo nilibaki navyo mimi. Nilishona kwenye kiwanda hichohicho miaka na miaka, upande wa overloki, mashine za kufunga kingo za kitambaa, mpaka macho yakanigomea. Nikawa mtu wa kukaa bandani na kulea.

Safari ya pili Dada Penseli alikuja na boksi. Akamwaga mkekani vipande vya kadibodi: kuta, milango, vitanda vidogo, hata masinki ya kuoshea vyombo. Akasema tupange wenyewe. Mnajua watu wazima wakipewa vitu vya kuchezea wanakuwaje? Waligombana kuhusu jiko kana kwamba chakula kiko motoni. Mmoja akaichukua nyumba ya mwenye mabanda akaiweka nje kabisa ya mkeka, karibu na mlango wa choo. Mwingine akachukua mlango mmoja akautia kifuani ndani ya blauzi, akasema huu hautoki, huu unafungwa kwa ndani na ni wangu.

Binti yangu si msemaji. Akisema maneno matatu kwa siku, mawili ni "ndiyo mama". Siku hiyo alisubiri wenzake wamalize kelele, kisha akakinyanyua kibanda cha kadibodi kilichoandikwa kituo cha watoto, akakisukuma mpaka kikagusana na ukuta wa ukumbi wa kushonea.

"Hapa," akasema.

"Kwa nini hapo?" Dada Penseli akamuuliza.

"Nimwone."

Wenzake wakaitikia kwa vishindo, ndiyo, ndiyo, tuwaone, wekeni dirisha. Binti yangu hakuwa amemaliza. Alichukua mkasi wake wa kukatia nyuzi, akatoboa ule ukuta wa kadibodi, akapitisha vidole viwili mpaka upande wa pili, akavichezesha. Filimbi akavidaka akavivuta, akicheka.

"Na mkono upite," binti yangu akasema. "Kifua kikimbana, nimpe dawa. Sitaki kuzunguka."

Dada Penseli alichomoa penseli kichwani akaandika. "Mkono upite," akarudia polepole, kama mtu anayeshika njia ya kwenda mahali. Nilimwona na nilijua ameelewa.

Vyumba vikajengwa. Sitasema uongo, vilikuwa vizuri. Kila mama mwenye mtoto mdogo alipata chumba na kijisehemu cha kupikia, bomba ndani, kuta za matofali, na mlango unaofungwa kwa ndani. Pango lake lilikuwa la kumwezesha mshona mashati kulipa na bado akala. Jioni ya kwanza binti yangu aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, mpaka nikamwambia atachosha kitasa. Akajilaza kitandani chali, katikati kabisa, mikono ameitandaza, na hakuna aliyekuja kumtoa. Nilifurahi siku hiyo. Nataka ijulikane kwamba tuliwahi kufurahi.

Kituo cha watoto nacho kilijengwa palepale alipopaweka, ukuta kwa ukuta na ukumbi. Waliniajiri niwe mlezi, mimi na msichana mmoja mwepesi wa miguu. Rangi ya njano, mikeka mipya, vikombe vyenye picha za bata. Na dirisha lilikuwepo, kubwa, kutoka usawa wa kiuno cha mtoto mpaka juu ya kichwa changu. Upande wa pili kulikuwa na laini ya kola, safu ya cherehani za kushonea kola, na aliyekaa karibu nasi kuliko wote alikuwa binti yangu. Alikuwa ameiomba nafasi hiyo.

Ila mkono haukupita. Mkuu wa ulinzi wa kiwanda alikuwa ameiona ramani ikiwa bado karatasi, akaliona lile dirisha dogo la kusukuma ndani ya dirisha kubwa, akasema, "Hapo yatapita mashati." Basi likafutwa. Mahali pake kikawekwa kioo kizima, kinene, cha kutopasuka. Kwa usalama wa watoto, walisema. Wanawake walipomuuliza meneja, alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Si mlitaka kuwaona? Mnawaona."

Kwa hiyo kutoka kwenye cherehani ya binti yangu mpaka kwenye mkeka wa mwanawe palikuwa na urefu wa mkono mmoja na kioo. Kwa mlangoni ilikuwa safari nyingine kabisa: upite laini zote, ushuke ngazi, uingie chumba cha kupekuliwa, utoke geti la ukumbi, uzunguke ua, ndipo ufike kwetu. Na kanuni nazo zikaja. Kituo hakikai na dawa ya aina yoyote, dawa ni ya mzazi. Mtoto hatoki geti la nje ila na mama yake mwenye kadi ya kiwanda. Hii ya pili waliiweka ili watoto wasiibwe, na wanawake waliipigia makofi.

Binti yangu alikaa chini akashona mfuko ndani ya aproni yake, wa kitambaa cha maradufu, na kifungo juu. Humo akalitia lile kopo la buluu. "Kifua kikianza, mama, utamtuma msichana aje kuniita, nitakimbia," akaniambia. Hilo lilikuwa wazo letu, na mwanzoni lilifanya kazi. Mara nyingine alikuja kweli, anahema kuliko mtoto, akampulizia, kifua kikatulia, akarudi mbio.

Tatizo lilikuwa kile kioo chenyewe. Nani angefikiri kwamba kumwona mtoto wako kunaweza kuwa adhabu? Watoto waliwaona mama zao asubuhi hadi jioni na hawakuwafikia. Mtoto ukimwacha mahali mama haonekani, atalia, atachoka, atacheza. Ukimwacha mahali mama anaonekana, hachoki. Walijipanga pale kiooni, pua zimebonyea, viganja vinagonga, mama, mama, mama. Sauti haikupita vizuri kwa mngurumo wa mashine, lakini kugonga kulipita. Mama mmoja akiinua kichwa akitabasamu, mwanawe anaangua kilio, na akilia mmoja wanalia wote, na upande wa pili kola zinashonwa upogo na machozi yanadondokea kitambaa.

Wakaomba kioo kipakwe rangi. Wakaomba angalau pazia. Wakakataliwa, kwa sababu wageni walikuwa wanakipenda. Wale wanunuzi wa mashati kutoka mbali kila wakija walipitishwa pale, wakapiga picha: mama anashona, mtoto yupo nyuma yake. Meneja alisema dirisha lile limekiletea kiwanda sifa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, tulimwita Mchele kwa ile tabia yake ya kutembea akitafuna mchele mbichi. Yeye hakuweza kabisa. Kila mwanawe akigonga alisimama akaja kukibusu kioo. Alionywa, akaonywa tena, laini ikawa haifikishi tageti, idadi ya mashati ya siku, kwa sababu yake, akaachishwa kazi. Na kwa sababu chumba ni cha mfanyakazi na kituo ni cha mtoto wa mfanyakazi, vyote vitatu viliondoka siku moja. Tulirudi kutoka kazini tukakuta godoro lake limening'inizwa juu ya uzio. Mwanawe amekaa juu ya sufuria iliyofunikwa, anaendesha gari.

Ndipo wakafanya yale makubaliano. Ilikuwa kwenye karo la kufulia, siku ya mapumziko, wote wana povu mpaka viwikoni. Aliyesema ni Kamanda, mshonaji mkongwe wa laini ile, mwanamke mwenye roho nzuri na sauti ya kufukuzia mbwa. "Kioo kikigongwa, hakuna kuinua kichwa. Hata akiwa wa kwako. Hasa akiwa wa kwako. Tukifanya hivyo wote, watazoea, watacheza, na hakuna mwingine atakayefuata njia ya Mchele."

Hakuna aliyebisha. Walikuwa wanalinda watoto wao, jamani, nani asiyeona? Mtoto bila kile chumba alikuwa mtoto wa banda tena.

Mimi nilikuwa nakamua shuka. "Na nikigonga mimi?" nikauliza.

"Wewe una mlango, mama," Kamanda akasema. "Zunguka."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ameinamia beseni. "Na wewe? Nikigonga mimi mama yako?"

"Nitajuaje ni wewe, mama?" akasema, na alisema kwa upole. "Nitakuwa sijainua kichwa."

Na ikawa hivyo. Ilikuwa vigumu siku za mwanzo, kisha wakaweza. Niliwaona kutoka upande wangu, shingo zote zimeinama safu nzima, na kila viganja vya watoto vikilia kiooni mabega yao yanapanda kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, kisha yanashuka. Watoto nao wakapunguza. Walicheza zaidi. Tageti ikafikiwa. Kamanda alikuwa sahihi, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie vipi.

Ile wiki walikuwa wanashona nguo za baridi, kitambaa cha manyoyamanyoya, ukikikata kinatoa vumbi la nyuzi kama unga. Juu ya kioo, karibu na dari, kulikuwa na matundu ya hewa yenye wavu, na lile vumbi likapenya likatua juu ya kila kitu: kwenye vikombe vya bata, kwenye nyusi za watoto. Tulifuta, likarudi. Filimbi aliamka vizuri siku hiyo. Alikunywa uji, akamnyang'anya mwenzake mdoli, akapigwa, akapiga. Alikuwa mtoto mwenye afya ya ugomvi.

Baada ya watoto kulala mchana, yeye hakulala. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono ameiweka magotini kama mzee aliyepanda mlima. Mluzi wa kifua niliusikia kabla hajafika.

Nikamwambia yule msichana, kimbia kamwite mama yake. Akaondoka kama risasi. Nikamkalisha Filimbi, nikamlegeza kola, nikamsugua mgongo, nikamwimbia ule upuuzi wetu wa siku zote. Mluzi ukazidi. Shimo la shingo likawa linaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilisubiri miguu ya binti yangu uani na haikuja.

Sikujua kwamba siku hiyo wageni walikuwa wanatembezwa. Walinzi wa geti la ukumbi walikuwa wamevaa glavu nyeupe. Msichana wangu alifika akahema, akaeleza, wakamwambia msimamizi wa laini ndiye anayeruhusu mtu kutoka, na msimamizi yuko na wageni, hebu asubiri wapite. Akawaambia mtoto anakufa. Wakamwambia asiseme maneno mabaya mbele ya wageni.

Mimi nikambeba Filimbi nikaenda kiooni. Binti yangu alikuwa pale pale, naona mshono wa kola unavyopita chini ya kidole chake, naona kifungo cha ule mfuko kimetuna kwenye aproni. Ningeweza kumgusa sikio. Nikagonga.

Mabega yake yakapanda. Yakashuka.

Nikagonga kwa kiganja, kwa ngumi, kwa pete. Nikaita jina lake, jina nililompa mwenyewe siku alipozaliwa, nikaliita mpaka koo likachanika, na mashine zikalimeza. Watoto wakaamka, wakaniona nagonga, wakadhani ni mchezo. Wakaja wote wakagonga na mimi. Viganja vidogo kote kwenye kioo, na kadiri tulivyogonga ndivyo safu nzima ilivyozidi kuinama. Niliutazama mguu wa binti yangu kwenye pedali. Alikuwa ameukandamiza mpaka mwisho. Alikuwa anakimbia akiwa amekaa.

Nilimweka Filimbi begani, nikachukua kiti kidogo cha mbao nikakipiga kioo. Kiti kilivunjika mguu. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Kule mwisho wa ukumbi nikawaona wageni, na mmoja wao, mzee mwenye miwani, aliuona mkono wangu umeinuka juu. Akaniinulia wake, akanipungia.

Aliyetuona kama tulivyokuwa ni fundi wa mashine. Yeye hakuwa kwenye makubaliano, ni mwanamume na hana mtoto kituoni. Alikuwa anapita na kopo la mafuta. Alitazama kioo, akaitazama rangi ya midomo ya mtoto begani kwangu, akadondosha kopo, akamshika binti yangu bega.

Akainua kichwa.

Ninachokumbuka ni kwamba hakukimbilia mlangoni kwanza. Alikuja kiooni. Alifungua kifungo, akalitoa lile kopo la buluu, akalisukuma kwenye kioo mbele ya uso wa mwanawe, palepale ambapo mkono ungepita. Akalisukuma tena. Alikuwa amelichora mwenyewe lile dirisha, kwa mkasi wake, na nadhani katika mwili wake lilikuwepo. Kisha akili ikamrudia akageuka akakimbia.

Chumba cha kupekuliwa walimpekua. Mpekuzi ni mwanamke tunayechota naye maji. Alinijia baadaye akilia, akasema mikono yake ilianza kazi kabla akili haijaelewa, alisikia kitu kigumu ndani ya aproni akamwamuru atoe, kumbe kopo alikuwa amelishika mkononi, kilichobaki mfukoni ni kifuniko. Nilimsikiliza.

Filimbi alinyamaza kabla binti yangu hajafika uani. Kifua kiliacha kupiga mluzi. Mtu asiyejua angesema amepata nafuu. Mimi nilikuwa nimelea kifua kile tangu kizaliwe na nilijua kimenyamaza kwa sababu hakuna hewa tena ya kupita. Binti yangu aliingia, akampulizia, akampulizia, dawa ikarudi nje mdomoni kama moshi. Tukatoka naye geti la nje. Kadi tulikuwa nayo, tukaionyesha, wakaifungua njia. Kwenye zahanati walimlaza mezani, wakajaribu, kisha wakaacha kujaribu.

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Laini yote ya kola ilikuja, na walikatwa mshahara wa siku. Kamanda alisimama nyuma kabisa, hakukaribia kaburi. Alipotaka kumshika binti yangu mkono, binti yangu akampa, ukalala ndani ya mkono wa Kamanda kama soksi.

Msimamizi wa vyumba alisubiri kwa adabu, lazima niseme. Alipokuja alivua kofia, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Mama, samahani sana. Hivi vyumba ni vya wenye watoto. Kuna foleni."

"Foleni ya nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeelewa. Nilitaka aseme.

"Ya wenye watoto," akasema, akaitazama kofia yake.

Tukarudi mabandani. Binti yangu aliufunga ule mlango kwa nje, mara moja tu, akampa ufunguo. Kitanda tulichopata mwenzetu wa zamu nyingine ni msichana mgeni, mkimya, anatandika vizuri.

Dada Penseli alikuja bandani na ramani yake ya zamani imekunjwa kwapani. Aliifungua juu ya godoro, akaniwekea kidole kwenye kijisanduku kidogo ndani ya dirisha. "Nilikichora, mama," akasema, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Kipo. Tazama. Nilikichora."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mkuu wa ulinzi, na najua si haki. Nilimwambia aikunje hiyo karatasi binti yangu asije akaikuta. Aliikunja. Kisha akakaa pale kitandani, kama ile siku ya kwanza, na mapaja yake yalikuwa makavu.

Kiwandani walifanya mkutano. Wakaamua kwamba tatizo ni kugonga ovyo, kunakofanya hatari ya kweli isijulikane. Wakabandika tangazo zuri lenye rangi: Tafadhali usigonge kioo. Walilibandika upande wetu, usawa wa macho ya watoto, ambao hawajui kusoma.

Watu huniuliza kwa nini nilirudi kwenye kituo kile. Nilirudi kwa sababu tunakula. Binti yangu naye alirudi kwenye cherehani yake ileile, ingawa Kamanda alimwomba wabadilishane. Hakutaka. Anafika, anafunga aproni, anainamisha kichwa. Makubaliano yamekufa; wengine sasa huinua vichwa kila kioo kikiguswa, hata nzi akitua. Yeye peke yake hainui. Watoto wanagonga karibu na sikio lake na bega halipandi. Nyumbani pia hanitazami. Ananiandalia maji ya kuoga, ananipakulia chakula, ananifunika shuka, na macho yake yako kwenye maji, kwenye sahani, kwenye shuka. Sijui kama ananilaumu kwamba sikugonga vya kutosha, au ananionea haya kwamba niligonga mno. Sijamuuliza. Naogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Jana mchana watoto walikuwa wamelala wote, na yule msichana ametoka kuanika vikombe. Nilikwenda kiooni. Nilisimama nikaitazama shingo ya mwanangu, ule mfupa wa nyuma ambao nilikuwa nikiupaka mafuta alipokuwa mdogo. Sikuwa na shida yoyote. Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka tu anione.

Nikagonga kwa kidole kimoja, taratibu.

Akainua kichwa upesi, akanitazama, na mkono wake ukaenda mfukoni.